Treni Frankfurt–Paris–Lourdes na mama wa miaka 76: asubuhi bei hii, jioni bei ile. Nikate sasa au nisubiri?

#1 Binti_Mletele
Wakuu, salaam. Naishi Frankfurt, huu mwaka wa tisa. Mama yangu yuko Songea, ana miaka 76, Mkatoliki wa kuamka saa kumi na moja awahi misa ya kwanza. Kabatini kwake kuna chupa ya plastiki yenye umbo la Bikira Maria, kifuniko cha bluu, aliletewa na sista mmoja aliyetoka hija Lourdes, kule Ufaransa. Maji yaliisha zamani, mimi sijaingia darasa la kwanza, lakini chupa haitupwi na haiguswi. Nimemuahidi mwaka huu anafika mwenyewe.

Anakuja mwishoni mwa Julai, viza ikitoka. Miadi ya ubalozini ni wiki ijayo, hati ya udhamini nimeshasaini huku. Nataka tuwe Lourdes kabla ya tarehe 15 Agosti, Kupalizwa Mbinguni. Presha anayo, magoti yanasumbua, anatembea na fimbo. Kiingereza hajui. Kijerumani anajua "Grüß Gott" ya mapadre Wajerumani wa Peramiho, basi. Ndege hataki kuisikia tena, anasema ile ya kutoka Dar itamtosha mpaka kaburini.

Sasa jana asubuhi nimetafuta Frankfurt–Paris kwa watu wawili, yuro 59.90 kila mmoja. Nikaenda kazini. Jioni nafungua nikate: 84.90. Usiku: 94.90. Hii kitu inaniona au? Na nikate sasa wakati viza bado, au nisubiri niumie zaidi? Na pale Paris tunashuka stesheni moja tunapanda nyingine, na mtu mzima itakuwaje?

#2 Kausha_Damu
Ngoja waje wenye uzoefu. Mimi nipo Mbagala, treni ya Paris naisoma kwenye uzi wako.

#3 Fundi_Swichi
Dada inakuona. Tovuti zinaweka vidakuzi (cookies) kwenye simu yako, zikijua umerudi mara ya pili zinajua una shida, bei inapanda. Futa vidakuzi vyote, tumia simu nyingine, ikibidi laini nyingine. Mimi hata hoteli za Zanzibar nafanya hivyo.

#4 Mzee_wa_Mannheim
Binti, mpe mama shikamoo yangu.

#3, hiyo habari ya vidakuzi naisikia kila mwaka na sijawahi kuona mtu akiithibitisha. Treni hizi zinauzwa kwa mafungu. Fungu la kwanza siti chache za bei ya chini, zikiisha linafunguliwa la pili, mpaka bei kamili. Asubuhi fungu la 59.90 lilikuwepo, wakati uko kazini wengine wamelimaliza. Simu yako haina kosa.

#5 Fundi_Swichi
Mzee siku moja tu mafungu mawili yaishe, miezi mitatu kabla? Nani huyo ananunua kwa kasi hiyo?

#6 Mzee_wa_Mannheim
Wiki ya tarehe 15 Agosti Ufaransa ni sikukuu ya taifa zima, na Lourdes kuna hija kubwa ya Wafaransa wenyewe. Parokia moja ikikata siti 40, umeona mafungu mangapi yameondoka?

#7 Dada_Hesabu
Nyote mmeruka jambo moja. Kaandika "kwa watu wawili". Ukitafuta wawili kwa pamoja na siti ya bei ya chini imebaki moja, mfumo hauwagawi, unawapandisha wote wawili kwenye fungu la juu. Jaribu kutafuta mtu mmoja uone. Mara nyingi wa kwanza anapata nafuu, wa pili analipa zaidi, jumla inashuka. Tatizo mkikata mbalimbali ni siti, itabidi uchague kwa mkono mkae jirani.

#8 Binti_Mletele
#7 nimejaribu sasa hivi. Mtu mmoja: 74.90. Wawili: 94.90. Sasa sielewi kabisa, maana kwa maelezo ya Mzee ilitakiwa fungu liwe limeisha kwa wote.

#9 Dada_Hesabu
😊

#10 Fundi_Swichi
Umefuta vidakuzi kabla ya kujaribu?

#11 Binti_Mletele
Hapana.

#12 Fundi_Swichi
Basi hatujui kitu.

#13 Mkazi_wa_Voi
Habari zenu kutoka Kenya. Kuna kitu kingine hamjasema: treni ya Frankfurt–Paris inaendeshwa na kampuni mbili, ya Wajerumani na ya Wafaransa, na kila moja inauza kwa tovuti yake. Treni ni ileile, behewa lilelile, bei mbili. Mimi naangalia zote mbili kabla nitoe pesa. Kuna siku ya Wafaransa ilikuwa chini kwa yuro 20, siku nyingine kinyume. Kwa nini, usiniulize.

#14 Kausha_Damu
Reli ya kati, Dar–Kigoma, bei ni moja tu. Ulichokuwa unapigania ni siti.

#15 Mama_Wawili_Koblenz
Dada, swali la bei litakuzeesha. Swali lako la kweli ni la pili. Usinunue ile tiketi ya chini kabisa ya Wajerumani kabla viza haijatoka. Ile *Super Sparpreis* hairudishwi, haibadilishwi, ukikosa ndiyo imekwenda. Juu yake kidogo kuna *Sparpreis* ya kawaida, ukiifuta kabla ya siku ya safari wanakata yuro 10, zinazobaki hazipotei. Upande wa Ufaransa, TGV (treni zao za kasi) za kawaida unabadilisha au kurudishiwa bila kukatwa mpaka siku 7 kabla ya safari. Ila usichanganye na Ouigo, hiyo ni ya bei poa na masharti yake ni mengine.

Kwa hiyo kipande cha Paris–Lourdes kata leo leo, hicho ndicho kinajaa Agosti. Cha Frankfurt–Paris kiache mpaka stika ya viza iwe kwenye pasipoti.

#16 Mzee_wa_Mannheim
Hapo nakataa, binti. Vipande viwili ni mikataba miwili. Treni ya kwanza ikichelewa, ya pili haikujui. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Ujerumani zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na huko "kwa wakati" maana yake hata ukichelewa dakika tano umewahi. Akiikata kama tiketi moja, Frankfurt mpaka Lourdes, akikosa kuunganisha ni jukumu lao kumfikisha. Na mzee wa miaka 76 huwezi kumlaza kwenye benchi la stesheni.

#17 Mama_Wawili_Koblenz
Tiketi moja ya safari nzima inampa saa moja na kitu kubadilisha stesheni Paris, na mama wa fimbo. Mzee umewahi kufanya hiyo?

#18 Mzee_wa_Mannheim
Nimefanya. Nilikuwa peke yangu, na miaka 50.

#19 Mkazi_wa_Voi
Nami nimefanya na babangu, 2023. Kutoka Gare de l'Est, stesheni mnayoshukia, mpaka Montparnasse, mnayopandia ya Lourdes, kuna metro (treni ya chini ya ardhi) namba 4, hubadilishi, kwenye ramani inapendeza sana. Hawakuambii kwamba metro ya Paris ni ya zamani na ni namba 14 peke yake yenye lifti kila kituo. Tulishuka ngazi, tukapanda ngazi, halafu Montparnasse kuna ujia mrefu ajabu kabla ufike kwa treni kubwa. Mzee alisimama katikati akaniuliza kama bado tuko Paris ama tumeshafika huko tunakokwenda. Treni ilikuwa imebakisha dakika nne. Tukaipata, lakini hakuniongelesha mpaka Bordeaux, na Bordeaux ni saa mbili.

Panda teksi. Nje ya stesheni kuna foleni ya teksi halali, usifuate wale wanaokuita ndani.

#20 Ngosha_Lyon
Kama mtapanda metro hata hivyo, kila mtu awe na kadi yake ya nauli. Huwezi kugonga kadi moja mara mbili ukapita na mama nyuma yako. Wakaguzi hawana huruma na fimbo.

Lakini kwa nini mpite Paris? Zipo TGV za Strasbourg–Bordeaux zinazozunguka pembeni ya Paris bila kuingia mjini. Frankfurt–Strasbourg kama saa mbili, Strasbourg–Bordeaux zaidi ya saa tano, kisha Bordeaux–Lourdes. Kila mahali unabadilisha ndani ya stesheni ileile. Unalala Bordeaux usiku mmoja, asubuhi mnamalizia.

#21 Dada_Hesabu
Tano za kukaa mfululizo kwa mwenye presha na magoti?

#22 Ngosha_Lyon
Songea–Dar kwa basi ni saa ngapi dada?

#23 Kausha_Damu
Umeua.

#24 Padre_Hapana
Mbona mmesahau treni ya usiku? Paris Austerlitz mpaka Lourdes, ilirudishwa Desemba 2021. Mnalala, mnaamka mmefika. Na Austerlitz ni metro namba 5 moja kwa moja kutoka Gare de l'Est. Kuna hata vyumba vya wanawake peke yao.

#25 Mama_Wawili_Koblenz
Ni vitanda vya kukunja, daraja la pili sita kwa chumba, ngazi ya chuma ya kupanda juu. Mfumo ukimpa bibi wa Songea kitanda cha tatu juu, utampandisha wewe Padre?

#26 Padre_Hapana
Si anachagua cha chini. Na mimi si padre, ni jina tu.

#27 Binti_Mletele
Jamani mama ataipenda hiyo. Akisikia treni anajua TAZARA, walikuwa wanaipandia Makambako kwenda Dar. Juzi ameniuliza kwenye simu kama atalala na wanawake wenzake au nimlipie chumba kizima. Nikamwambia hii ni ya kukaa, mama, saa nne tu tumefika. Akasema, "Treni ya saa nne si safari, ni daladala."

#28 Mkazi_wa_Voi
😂😂 Huyo mama nimempenda.

#29 Mzee_wa_Mannheim
Tuongee la msaada stesheni, naona limepitwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya haki za abiria wa reli, ile iliyoanza kutumika Juni 2023, inataja wazi watu ambao kutembea kwao kumepungua kwa sababu ya umri. Haihitaji kadi ya ulemavu. Unaomba saa 24 kabla, bure, wanakuja kuwapokea behewani, wanakupeleka jukwaa jingine, na kama kuna ngazi kubwa wanaleta mashine ya kuinua. Ujerumani unawasiliana na kituo chao cha huduma hiyo, Ufaransa kuna huduma moja ya kuombea msaada inaitwa *Assist'enGare*, ilianza 2024.

Omba mara mbili, kila nchi kivyake, usidhani mmoja atamwambia mwenzake. Msaada wenyewe unaishia mlangoni mwa stesheni. Ule mtaa kati ya Gare de l'Est na Montparnasse ni wenu na teksi.

#30 Tumaini_wa_Bremen
Naunga mkono #29, na nyongeza: mwambie mama mapema, la sivyo utaaibika. Mimi nilimwombea mama mkwe kiti cha magurudumu, kijana akafika nacho jukwaani kwa adabu zote, mama akamtazama, akanitazama, akasema kwa sauti, "Nani kakwambia mimi mgonjwa?" Akaondoka kwa miguu kwa hasira, haraka kuliko mimi. Mara ya pili nilibadilisha maneno. Nikamwambia huyu kijana katumwa kubeba begi, na kiti ni cha begi, ila ukichoka unaweza kulishikilia begi ukiwa umekaa. Akakaa.

#31 Binti_Mletele
#30 hilo nimelichukua kama lilivyo, asante.

#32 Mjomba_Solingen
Mimi nina onyo dogo la saa. Tiketi iliandika 08:56. Nikampigia baba, nikamwambia kwa haraka zangu, "Treni ni saa nane na dakika hamsini na sita." Miaka ya huku imeniharibu. Asubuhi napita kumchukua alikolala, kwa binamu yangu, namkuta na kanzu ya kulalia anakunywa chai, anasema bado kuna nusu siku nzima. Tiketi zile za bei poa, zimebanwa na treni ileile. Zilikwenda. Sasa namwandikia kwa mkono: saa mbili na dakika hamsini na sita asubuhi, jua likiwa changa.

#33 Kausha_Damu
Huu uzi ungekuwa na kitufe cha kulipia ningelipa.

#34 Sued_au_Hbf
Na Frankfurt angalieni stesheni gani. Treni nyingi za Paris zinaanzia Hauptbahnhof, stesheni kuu, lakini ile ya moja kwa moja Berlin–Paris iliyoanza Desemba 2024 inasimama Frankfurt Süd. Programu inaandika "Frankfurt" kubwa na "Süd" dogo. Kuna mtu namfahamu, na simtaji kwa sababu ni mimi.

#35 Binti_Mletele
Duh. Moja ya zile nilizoona ni hiyo ya Süd! Inawezekana bei niliyoiona asubuhi na ya jioni ni treni mbili tofauti?

#36 Mzee_wa_Mannheim
😐

#37 Fundi_Swichi
Sasa tumepata nadharia ya nne.

#38 Dada_Hesabu
Nadharia ya nne haiondoi ya tatu, ile yangu ya kutafuta wawili. 74.90 na 94.90 alizitafuta dakika moja, treni moja.

#39 Mama_Wawili_Koblenz
Yaacheni hayo. Punguzo la wazee mmelisahau. Ufaransa kuna *Carte Avantage Senior*, kuanzia miaka 60, yuro 49 kwa mwaka, unapata asilimia 30. Ujerumani kuna *BahnCard 25* ya bei ya wazee, kuanzia 65.

#40 Dada_Hesabu
Hesabu kwanza. Asilimia 30 ya tiketi za yuro 160, kwenda na kurudi, ni 48. Umelipa 49. Umepoteza yuro moja na umeongeza kadi ya kupoteza. Ikizidi hapo ndiyo inalipa, na ni kwa mama peke yake, wewe bado kijana.

#41 Tumaini_wa_Bremen
Na kadi za punguzo nyingine zinajiongeza zenyewe mwaka ukiisha. Mama mkwe alisharudi Mbinga, miezi kumi baadaye bili ya mwaka wa pili ikanijia mimi. Ukiinunua, siku hiyohiyo andika barua ya kuisitisha.

#42 Jirani_wa_Songea
Samahani, mimi ni mgeni humu. Kwani viza ya Ujerumani inamruhusu kwenda Ufaransa? Si atahitaji ya Ufaransa?

#43 Ngosha_Lyon
Viza ni ya Schengen, inaingia zote mbili, mradi safari yake kubwa iwe kweli Ujerumani. Asivuke tu kwenda London kumsalimia shangazi, viza ikiwa ya kuingia mara moja atakuwa ametoka na harudi.

Na pasipoti halisi aibebe mwilini. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024. Polisi wanapanda treni. Picha ya pasipoti kwenye simu ni picha tu.

#44 Mkazi_wa_Voi
Siti pia. TGV nyingi ni za ghorofa. Chagua chini. Ila mkahawa unafikia kwa juu, maana njia ya kupita behewa hadi behewa iko ghorofa ya juu. Beba chakula.

#45 Binti_Mletele
Chakula asiwe na wasiwasi mtu, tayari ameniuliza treni inasimama wapi kwa muda mrefu tununue ndizi dirishani.

#46 Padre_Hapana
Mwambie madirisha hayafunguki.

#47 Binti_Mletele
Nimemwambia. Ameuliza sasa watu wanaagana vipi.

#48 Kausha_Damu
Nimenyamaza.

#49 Binti_Mletele
Mrejesho wakuu. Paris–Lourdes nimekata jana usiku, ghorofa ya chini, mama dirishani, inarudishika mpaka wiki moja kabla. Tutalala Paris usiku mmoja karibu na Montparnasse, hiyo nimeamua, teksi jioni na treni asubuhi. Mzee wa Mannheim usinichukie kwa vipande viwili, usiku mmoja katikati unatosha kuchelewa hata saa tano. Frankfurt–Paris nasubiri viza.

Ila leo asubuhi nimechungulia tu, treni ileile ya Hauptbahnhof, watu wawili, simu ileile, vidakuzi sijafuta: 69.90.

#50 Dada_Hesabu
Imeshuka? Mafungu hayarudi nyuma Mzee.

#51 Mzee_wa_Mannheim
Yanarudi. Kundi likifuta siti zake, au wakiona treni haijai kama walivyotarajia, wanafungua tena.

#52 Fundi_Swichi
Au imeona umeacha kuihangaikia.

#53 Mkazi_wa_Voi
Kata sasa! Chukua ile ya kukatwa yuro 10, usingoje viza.

#54 Mama_Wawili_Koblenz
Akatwe yuro zake zipotee bure viza ikikataliwa?

#55 Mkazi_wa_Voi
Ikirudi 94.90 atapoteza 50.

#56 Binti_Mletele
Naona mnanirudisha #1. Swali la mwisho, la mama mwenyewe: chupa yake akiijaza Lourdes, treni watamzuia?

#57 Ngosha_Lyon
Treni haina shida na maji. Ndege ya kurudi Dar ndiyo yenye shida, mkononi huwa wanataka mililita 100, ayaweke kwenye begi la chini. Chupa yenyewe ni ndogo lakini.

#58 Binti_Mletele
Chupa ni ya ukumbusho. Amesema anakuja na madumu mawili ya lita tano, jumuiya nzima imeagiza.

#59 Ngosha_Lyon
Basi ayaandike majina. TGV wanataka kila mzigo uwe na jina la mwenyewe.

#60 Binti_Mletele
Jina lake au la jumuiya?